«Alirudia, lakini haiko tena yeye»: Kuelewa jeraha la ubongo kwa wanajeshi wa zamani

Hapa Lubumbashi, Kongo, kuna sentensi utakayoisikia katika mtaa wa Katuba, utaisikia katika mtaa wa Kenya, utaisikia katika mtaa wa Ruashi, popote panapokaa familia ya mtu aliyewahi kuvaa sare: «Alirudia, lakini haiko tena yeye.» Mke anaisema akiwa foleni ya maji. Mama mzazi anaisema akitoka kanisani. Watoto wanaisema kwa njia yao, kwa kunyamaza ghafla baba anapoingia. Kisha majirani wanaongeza maelezo. Mmoja anasema damu ya watu aliowaua inamfuata. Mwingine anasema dawa ya vita aliyochanjwa ilikuwa na masharti, naye ameyavunja. Wa tatu anasema ni lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, au ni uvivu wa mtu aliyezoea kulishwa kambini.

Nilikua na mtu wa namna hiyo nyumbani. Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani kabla ya kuingia jeshini. Desemba 2000 alikuwa upande wa Pweto, wakati mji ulipoanguka na askari wengi wa serikali wakavuka mpaka kuingia Zambia. Bomu lilitua karibu na shimo alimojificha. Wenzake wawili walikufa, yeye alizimia kwa muda asioujua, akaamka masikio yakilia. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliporudi tulihesabu: mikono miwili, miguu miwili, macho mawili. Tukachinja kuku. Ilituchukua miaka kumi na zaidi kuelewa kwamba mtu tuliyempokea siku ile alikuwa majeruhi.

Kwa hiyo nataka kueleza jeraha hilo ni nini, linafanya nini kwa mtu, na matunzo yake yanapaswa kuwa vipi baada ya vita kwisha, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi.

Yai ndani ya kopo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, nao ni laini, kama uji mzito ulioanza kuganda. Unaelea katika maji kidogo ndani ya fuvu gumu. Chukua kopo, weka maji, tia yai bichi, funga, kisha litikise kwa nguvu. Kopo halitakuwa na alama yoyote. Fungua uone yai.

Madaktari wanapozungumza juu ya jeraha la ubongo la aina hii, wanamaanisha madhara yaliyoletwa na nguvu kutoka nje: pigo, anguko, ajali ya gari, risasi, kipande cha bomu. Mlipuko pia huleta madhara hata pale ambapo hakuna kilichomgusa mtu, kwa sababu bomu linapolipuka linasukuma hewa kwa kasi kubwa, na msukumo huo hupita mwilini na kichwani kama wimbi. Kofia ya chuma huzuia vipande, lakini wimbi hilo haiwezi kulizuia lote.

Ndani ya ubongo kuna nyuzi nyembamba mno zinazobeba habari kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kichwa kinapotikiswa ghafla, nyuzi hizo huvutwa na kupindwa, nyingine hukatika. Ni kama waya za umeme zilizofichwa ukutani: ukuta umesimama, rangi inang'aa, ila taa ya chumba cha nyuma haiwaki tena. Ndiyo maana skana, ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, inaweza kurudi ikisema hakuna kitu. Skana huona vizuri damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Nyuzi zilizokatika, mara nyingi haizioni. Picha ya nyumba iliyopigwa mchana haiwezi kukuambia kama umeme umo.

Hapa kuna neno moja linalopoteza watu. Jeraha hupangwa katika madaraja matatu: dogo, la kati, kali. Kipimo kinachotumika sana kilitungwa mwaka 1974 huko Glasgow na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Wanatazama mambo matatu tu, yaani kama mgonjwa anafungua macho, anajibu nini akiulizwa, na anasogeza viungo vipi. Jumla ya alama huanzia 3 hadi 15. Mwenye 13 hadi 15 anahesabiwa ana jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka chini kali. Lakini hilo «dogo» linaeleza hali ya mtu saa zile za mwanzo. Halitabiri ataishi vipi miaka mitano baadaye. Wengi wenye jeraha dogo hupona ndani ya wiki au miezi michache. Wengine wanabaki na kichwa kinachouma, usingizi uliovurugika na kumbukumbu inayovuja, na watu wanawaambia wanajifanya kwa sababu karatasi ya hospitali iliandika «dogo». Askari naye mara nyingi hapigwi mara moja tu. Anatikiswa leo, anasimama, anarudi kwenye mstari, anatikiswa tena. Ubongo ambao haujapona mtikiso wa kwanza huumia zaidi kwa wa pili. Nawafikiria hasa wale kadogo, askari waliochukuliwa wakiwa watoto, ubongo wao ukiwa bado unakua.

Kapita ameondoka kazini

Kila mtu aliyefanya kazi katika migodi yetu, au ambaye babake alifanya, anajua kapita ni nani. Kapita habebi mawe. Yeye ndiye anayepanga nani aanze, nani angoje, anayesema «acha hiyo, shika hii», anayetuliza wawili wanaotaka kupigana. Sasa fikiria asubuhi moja wafanyakazi wote wamefika, vifaa vyote vipo, kapita hayupo. Wengine watakaa wakitazamana. Wengine watagombana. Kazi haitafanyika, na mgeni anayepita atasema hawa ni wavivu.

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo kapita wetu. Kwa bahati mbaya ni sehemu inayoumia kwa urahisi. Ikiumia, mtu anaweza kuwa na nguvu za mikono, anaweza kuongea vizuri, anaweza kukumbuka nyimbo za utotoni, lakini hawezi kuanza jambo bila kusukumwa, au akilianza hawezi kuliacha. Anasema mbele ya wakwe maneno ambayo zamani yangebaki moyoni. Anatumia pesa ya bukari, yaani ugali, ya mwezi mzima kwa siku moja. Mke anaona dharau. Jirani anaona uvivu. Ukweli ni kwamba kapita ameondoka.

Hasira ndiyo inayovunja nyumba nyingi, na inaeleweka kama mtu ataitazama vizuri. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia daktari Mjerumani Kurt Goldstein alitunza huko Frankfurt askari waliojeruhiwa ubongo, na alitazama kwa subira kile kilichotangulia mlipuko wa hasira. Aliona kwamba mgonjwa akipewa kazi anayoiweza anakuwa mtulivu. Akipewa ile iliyomshinda anabadilika papo hapo: anatetemeka, anafoka, anatupa vitu, au analia. Hata kama kazi yenyewe ni ndogo. Ni hofu ya mtu anayegundua, mbele za watu, kwamba hawezi tena kitu ambacho jana alikiweza. Mjomba alikuwa akirusha mkasi ukutani. Tulidhani anatuchukia. Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba mkasi uliruka kila mara alipokuwa amesahau kipimo alichochukua dakika moja iliyopita.

Kuna na mambo ambayo hakuna anayeyafikiria. Kishindo kinaweza kukata nyuzi za kunusa, na mtu asiyenusa anakula samaki aliyeharibika na analala katika chumba chenye mbabula, yaani jiko la makaa, bila kusikia moshi wake. Mwanga na kelele vinaweza kumchosha vibaya sana. Kwake harusi ya mtaani yenye spika kubwa ni mateso. Na uchovu huu si wa mwili. Ni kama simu ambayo betri yake imeharibika: unaichaji usiku kucha, asubuhi inaonyesha imejaa, saa nne imezima.

Watu huuliza: je, hiyo siyo ile shida ya moyo inayowapata walioona mabaya vitani? Ni mambo mawili, na yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Mwenye jeraha la moyo husumbuliwa na kumbukumbu nyingi kupita kiasi. Tukio linamrudia usingizini na mchana, akisikia mlango unabamizwa anajitupa chini. Mwenye jeraha la ubongo mara nyingi hakumbuki kabisa dakika aliyopigwa, na shida yake kubwa ni mambo ya leo kutoshika. Usingizi mbaya, hasira na kujitenga vinapatikana kwa wote wawili, ndiyo maana hata wataalamu hupata kazi kuvitenganisha. Pombe huvizidisha vyote.

Kifafa, na maneno ya mtaani

Jeraha la ubongo linaweza kuzaa kifafa, tena miaka baada ya tukio. Kati ya wanajeshi wa Marekani waliopenywa fuvu na risasi au vipande vya bomu katika vita vya Vietnam, karibu nusu walikuja kupata kifafa. Ubongo una kovu, na kovu wakati mwingine hutoa cheche, kama waya uliounganishwa vibaya.

Kwetu kifafa kinapoanza, hospitali husahauliwa na safari ya kutafuta aliyemloga mtu huanza. Naomba nisemwe kama mtu mkali, lakini nitalisema wazi: povu la mwenye kifafa haliambukizi mtu. Kumwacha aungue motoni kwa kuogopa kumgusa ni kumuua. Mtu akianguka, ondoa vitu vigumu na moto karibu naye, mlaze kwa ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole kinywani. Akipitisha dakika tano bila kuacha kutetemeka, ni safari ya hospitali. Dawa zipo, na fenobarbitali ni ya zamani na ya bei ya chini kuliko nyingi. Hatari kubwa ni kuiacha ghafla kwa sababu «amepona» au kwa sababu pesa imekwisha au kwa sababu mhubiri ameamuru. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta mianguko mfululizo isiyokatika, na watu hufa kwayo.

Kujenga upya: utengamao ni nini

Upasuaji na chumba cha mahututi humzuia mtu asife. Kinachofuata, yaani kumfundisha tena kuishi, kinaitwa utengamao. Katika hospitali zetu utasikia neno la Kifaransa, rééducation. Wengi wakilisikia wanafikiria kine peke yake, yule anayenyoosha miguu na kutembeza watu kwenye vyuma. Kine anahitajika kweli, hasa kwa aliyepooza upande mmoja au anayeyumba. Lakini anahitajika pia mtu wa kufundisha kusema na kumeza, mtu wa kupima kumbukumbu na umakini, mtu wa kumrudisha kwenye kazi za kila siku kama kuoga, kupika, kuhesabu pesa sokoni, na daktari wa kutazama dawa zote pamoja. Kila mmoja akifanya kazi peke yake bila kuongea na mwenzake, mgonjwa anazungushwa kama kifurushi kisicho na anwani.

Inawezekanaje kitu kilichokatika kichwani kupata nafuu? Wakati wa mvua, barabara kubwa ikikatika, siku ya kwanza mji wote unasimama. Siku ya tatu mataksi yamegundua kichochoro. Baada ya mwezi kichochoro kimekuwa barabara, na mama wa mikate amehamishia meza yake pale. Ubongo unafanya hivyo. Nyuzi zilizokufa hazifufuki kwa urahisi, lakini habari hutafuta njia nyingine, na njia inayopitwa kila siku hupanuka. Neno kubwa ni hilo: kila siku. Kichochoro kinachopitwa mara moja kwa mwezi huota majani.

Alexander Luria, daktari wa Kirusi aliyetunza askari wenye majeraha ya ubongo katika hospitali ya milima ya Ural wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliijenga kazi yake juu ya wazo hilo. Hakumlazimisha mgonjwa kurudia kile kilichomshinda mpaka akate tamaa. Alitafuta sehemu iliyobaki salama na kuipitisha kazi kwa huko. Aliyepoteza mpango kichwani apewe mpango kwenye karatasi. Goldstein kabla yake alikuwa ameweka karakana pamoja na wodi, kwa sababu alijua kwamba fundi seremala hupimwa vizuri zaidi akiwa na randa mkononi.

Na hapa kuna uongo mwingine wa kuondoa, ule wa kusema miezi sita ikipita basi tena. Ni kweli kwamba nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo. Inaendelea baadaye, polepole, kwa miaka. Aliyejeruhiwa vita vya Shaba mwaka 1978 bado anaweza kufundishwa kutumia daftari, kupangiwa siku yake, kupatiwa dawa ya kichwa. Kuchelewa kunapunguza mavuno, hakufungi shamba.

Swali ambalo halikuulizwa

Mjomba alipita katika vituo vya afya visivyopungua vitano. Alipewa dawa ya malaria, ya minyoo, ya tumbo, ya presha. Mwaka 2011 muuguzi mmoja aliyekuwa akimfunga jeraha la kidole alimuuliza: «Papa, bomu limewahi kulipuka karibu na wewe ukazimia?» Miaka kumi na mmoja, na hilo lilikuwa swali la kwanza. Halikugharimu hata faranga.

Kama ningeambiwa nichague jambo moja la kuboresha, ningechagua swali hilo, kabla ya mashine yoyote. Marekani yenyewe, yenye pesa zote zile, ilijifunza hivyo kwa kuchelewa. Tangu mwaka 2000 zaidi ya wanajeshi wake 400,000 wamegunduliwa kuwa na jeraha la ubongo, na karibu nane kati ya kila kumi ni ya daraja dogo, yale ambayo hayaonekani. Wana vituo vitano vikubwa vya utengamao kwa walioumia vibaya, kikiwemo cha Tampa na cha Richmond. Lakini hatua iliyofikia watu wengi zaidi ilikuwa nyepesi: kuanzia mwaka 2007, kila aliyerudi kutoka Iraki na Afghanistani akaja kutibiwa katika hospitali za wanajeshi wa zamani aliulizwa maswali machache. Je, ulipatwa na mlipuko, anguko au ajali? Je, wakati ule ule ulizimia, ulichanganyikiwa au ulisahau? Je, shida zilianza au zilizidi baada ya hapo? Je, bado unazo leo? Aliyejibu ndiyo kwa yote hayo alipelekwa kuchunguzwa zaidi. Jibu la ndiyo bado si ugonjwa, ni mlango wa kuanzia uchunguzi.

Maswali manne kama hayo yanaweza kuulizwa kwa Kiswahili, kwa Kiluba, kwa Kibemba, katika kituo chochote cha afya, na kabla mtu hajavua sare. Jibu liandikwe katika karatasi zake, kwa sababu mwenyewe hatalikumbuka.

Baada ya swali, familia. Hapa nasisitiza zaidi, maana kwetu wodi ya utengamao ni nyumba, na muuguzi mkuu ni mama wa nyumba, ambaye hakuna aliyemfundisha kitu. Anaweza kufundishwa katika mikutano michache. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Sentensi fupi. Vitu viwekwe mahali palepale kila siku. Kazi ngumu ifanywe asubuhi, na apumzike kabla ya kuchoka badala ya baada ya kuchoka. Akianza kupandisha hasira, punguza kelele, punguza watu, usimshindanishe. Mazungumzo yatafanyika kesho. Daftari moja, kalamu imefungwa kwa uzi. Na huyo mama apewe nafasi ya kusema uchovu wake, na njia ya kukimbilia ikiwa anapigwa. Jeraha la ubongo linaeleza hasira, halimpi mtu ruhusa ya kumpiga mkewe, wala halimlazimu mke kukaa katika hatari.

Hapa mjini pa kuanzia papo. Kuna hospitali ya Sendwe, kuna Kliniki za Chuo Kikuu, na kwa kifafa na mambo ya tabia kuna kituo cha neuropsikiatria, yaani cha magonjwa ya ubongo na akili, cha Joseph Guislain. Mwenye pigo jipya la kichwa hangoji: akitapika mara kwa mara, akizidi kusinzia, akidhoofika upande mmoja, akitoa maji au damu sikioni au puani, apelekwe usiku huohuo. Kuna na sheria. Tangu tarehe 3 Mei 2022 Kongo ina sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Mtu akisikia ulemavu anafikiria mguu uliokatwa, na mguu wa bandia unapigwa picha vizuri. Mwenye miguu miwili na kumbukumbu iliyovunjika anasimama mbele ya meza ya karani akiombwa aonyeshe ameumia wapi. Karatasi ya daktari inayoandika wazi shida zake za umakini, kumbukumbu na kifafa ndiyo itakayomsemea, kwa hiyo familia iidai na itunze nakala.

Mjomba sasa anashona saa za asubuhi tu, kutoka saa mbili hadi saa tano. Vipimo vya kila mteja vimeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubanwa kwa pini juu ya kitambaa chenyewe, siyo kichwani. Mwezi wa nane uliopita, kabla ya shule kufunguliwa, alikuwa na mashati meupe na sketi za bluu za watoto wa mtaa mzima. Mama mmoja alirudisha shati, mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, nikautazama mkasi. Alichukua karatasi ile, akaisoma taratibu, akapima mkono wa shati, akaona kosa lake. Akaomba kiti, akafumua mshono, akamwambia yule mama: «Pitia kesho asubuhi, mama. Asubuhi, siyo mangaribi.»